Neno Nililomsomea Baba Vibaya

Jumatano, saa tisa alasiri. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi lakini mvua hainyeshi, na hapa Mwisenge, Musoma, joto linanata mwilini. Mama amelala chumba cha mbele. Nimeuacha mlango wazi ili nisikie anavyopumua.

Sijatulia. Tangu tulipokula nimempima presha mara tatu, na mara zote tatu namba zimekuja tofauti.

Ukurasa huu wa mtandaoni nimezoea kuutumia kwa mambo ya Kiingereza. Watu wananiuliza maneno, nami ninawajibu. Ni mazoea ya mwalimu mstaafu ambaye bado anatafuta darasa. Wiki iliyopita mmoja aliniuliza maana ya fluctuate na namna ya kulitumia. Nikamjibu kwamba ni kupanda na kushuka, mara kwa mara, bila mpangilio. Husemwa kwa bei, kwa joto, kwa kina cha maji. Si kubadilika mara moja mambo yakaisha, ni kubadilikabadilika. Tena ni kitenzi kisichobeba yambwa: huwezi kukifanyia kitu kitendo hicho, kitu chenyewe ndicho kinachopanda na kushuka. Nikaweka mfano wa bei ya nyanya. Akanishukuru.

Sikumwambia nililijuaje neno hilo.

Leo asubuhi nilimpeleka Mama kliniki kule Iringo. Daktari ni kijana mpole, ana umri wa mwanangu wa mwisho. Alimpima, akasubiri, akampima tena, kisha akanigeukia mimi badala ya kumwangalia mgonjwa mwenyewe. Akasema, "Presha ya bibi inafluctuate sana. Apumzike, na msimpe mambo ya kumshtua."

Tulipotoka nje Mama alinishika mkono. "Yule kijana kasema nini? Lile neno la Kizungu."

Nimefundisha Kiingereza zaidi ya miaka thelathini, na pale getini ulimi ulikuwa mzito kama wa mtoto wa darasa la tatu. Nikamwambia polepole, kila neno mahali pake: "Kasema presha yako inapanda na kushuka, Mama. Haitulii. Unatakiwa kupumzika."

Akacheka kidogo. "Hiyo naijua. Mwaka ule nilipolazwaga hapa mjini nilikuwa hivyohivyo. Homa inapanda, inashuka, inapanda. Na baba yako yuko kwenye pamba yake."

Tukapanda bajaji kurudi nyumbani. 

Baba na pamba yake. Sentensi hiyo nimeisikia tangu niko msichana. Mama aliisema wakigombana juu ya mbuzi, aliisema harusini kwangu kwa mzaha, na siku tuliyomzika Baba aliwaambia wanawake waliomzunguka, "Alikuwa mtu mwema. Ila aliipenda pamba kuliko mimi." Nilikuwa nimekaa nyuma yake kwenye mkeka. Nilinyamaza siku hiyo pia.

Ngoja niandike kilichotokea, nikiweza, kabla Mama hajaamka.

Ilikuwa miaka ile ya shida, kabla ya ruksa ya biashara huria. Sukari ni ya mgawo, unga ni ule wa mahindi ya njano ya msaada, tuliouita yanga, nguo tunafua kwa majani ya mpapai. Kijiji chetu kiko upande wa Bunda, unapoelekea Butiama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha tatu na nimerudi likizo ya Desemba. Kijiji kizima msichana wa sekondari nilikuwa mimi peke yangu, na Baba alihakikisha hakuna asiyejua.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Homa ilimpata, zahanati ikamshindwa, wakampeleka Musoma. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja na alikuwa akiuza dagaa kwenye soko la Mwigobero, ndiye aliyekaa naye hospitalini. Baba alibaki kwa sababu pamba yetu ya mwaka mzima ilikuwa imerundikwa nje ya ghala la chama cha ushirika. Ghala lilijaa, magunia hakuna, dizeli ya lori hakuna, na mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza kunyesha. Wakulima walikuwa wanalinda mizigo yao kwa zamu, wameifunika kwa nyasi. Ukiondoka, mzigo wako unasogezwa, unakuta uko chini kwenye maji.

Jumatatu mtu wa baiskeli kutoka zahanati akaleta barua. Ilitoka hospitali, imeandikwa na daktari mgeni ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Baba aliichukua kwa mikono miwili, akaniita mbele ya wale wanaume wote waliokaa juu ya pamba.

"Wegesa, soma. Wasikie."

Ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulitaja jina la Mama. Wa pili ulisema, "Her condition continues to fluctuate." Wa tatu ulisema, "You may wish to visit."

Neno fluctuate sikuwahi kukutana nalo. Nililitazama, na kichwani likaja neno lingine lililofanana nalo kwa mwanzo, flourish, ambalo tulikuwa tumelisoma kwenye Biolojia: mimea inastawi. Nilijua kabisa kwamba si neno hilo. Herufi zilikuwa mbele ya macho yangu. Lakini Baba alikuwa amesimama, wanaume wanasubiri, na Mzee Masatu, jirani yetu, alikuwa amevua kofia yake kama mtu aliyeko kanisani.

Nikasema, "Hali ya Mama inaendelea kustawi. Mkipenda mnaweza kwenda kumtembelea."

Hata mstari wa tatu niliukosea. Sikujua wakati ule kwamba Mzungu wa adabu akikuambia unaweza kupenda kuja, anakuambia njoo upesi.

Baba akashusha pumzi. Mzee Masatu akampiga bega, akasema, "Unaona faida ya kusomesha?" Wakacheka wote. Baba akaikunja ile barua akaitia kwenye mfuko wa shati. Akasema lori likija Ijumaa, pamba ikipimwa, atakwenda Musoma na kanga mpya mkononi.



Jumanne nilikwenda kisimani mara nne bila sababu. Njiani nilikuwa nalitamka lile neno kwa sauti, nikijaribu kulilazimisha liwe na maana niliyolipa. Nilijiambia kwamba daktari angekuwa na habari mbaya angeandika mistari mingi. Nilijiambia kwamba Mama ana nguvu. Kijijini kamusi haikuwepo. Aliyekuwa nayo ni Mwalimu Wambura, mwalimu wangu wa Kiingereza, na likizo alikuwaga kwao Butiama, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Kwenda kwake ilikuwa kukiri kwamba nilisoma mbele za watu kitu nisichokijua.

Siku nzima niliipoteza kwa aibu. Hilo ndilo ninalotaka liandikwe. Kukosea neno kila mtu hukosea. Mimi nilishuku tangu sekunde ya kwanza, na nikakaa siku nzima.

Jumatano kabla jua halijachomoza vizuri nilimwambia bibi yangu naenda kutafuta kuni, nikashika njia ya Butiama. Nilimkuta Mwalimu Wambura anapalilia mahindi, suruali ameikunja hadi magotini. Nilimsalimu, nikamwuliza neno lile kana kwamba ni la mtihani. Hakuhitaji kamusi.

"Ni kupanda na kushuka ovyo ovyo," akasema. "Umelisoma wapi?"

"Kwenye barua ya hospitali. Ya Mama."

Akaacha jembe. "Baba yako amekwenda?"

Nikatikisa kichwa. Akaingia ndani, akatoka na baiskeli yake, akaniambia niipande, nitairudisha nitakapoweza.

Nilimkuta Baba palepale, juu ya pamba, anasuka kamba. Safari hii nilimwomba asogee pembeni.  Nikamwambia, "Baba, ile barua nilikosea. Neno sikulijua. Mama hajapona. Anapata nafuu, anazidiwa, anapata nafuu, anazidiwa. Na wanataka uende."

Nilitegemea kofi. Nilikuwa nimejiandaa kulipokea.

Aliitoa ile barua mfukoni akaitazama, yeye asiyejua kusoma Kiingereza, kana kwamba sasa ingemwambia yenyewe. Kisha akamwita Mzee Masatu, akamwambia, "Mimi nakwenda. Hii pamba, ukiweza iangalie. Usipoweza, basi." Akaniambia nikalete koti lake na chungu cha uji.

Barabara kuu hapakuwa na gari. Tulipata usafiri Alhamisi asubuhi, lori lililobeba ng'ombe kwenda Musoma, tukasimama humohumo kati yao, Baba amenikinga na pembe kwa mgongo wake.  Karibu na mjini ndipo aliposema, bila kuniangalia, "Lile neno usimwambie mtu. Hata mama yako."

"Kwa nini, Baba?"

"Una mwaka mmoja wa shule umebaki. Ukianza kuogopa kusoma, utaacha."

Ndiyo maneno yote. Hakuwahi kuyarudia.

Hospitalini Mama mdogo alitukuta mlangoni. Macho yake yalitwambia kabla hajafungua mdomo. Mtoto alikuwa amezaliwa Jumanne jioni, hana uhai. Mvulana. Wanawake wenzake wa Mwigobero walikuwa wamekwisha kumzika. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi, na damu ya Mama mdogo ilikuwa haifanani na yake. Muuguzi alituambia walikuwa wanamsubiri ndugu mwingine wa kutoa damu tangu Jumatatu. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka tu.

Baba akakunja mkono wa shati palepale. Damu yake ilikubali.

Miguuni mwa kitanda ilining'inia karatasi ya joto la mwili. Mstari ulipanda, ukashuka, ukapanda, kama meno ya msumeno, siku hadi siku. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Hakuna kamusi iliyowahi kunieleza neno vizuri namna ile.

Mama alipofumbua macho hakuniona mimi. Alimwona Baba.

"Ulikuwa wapi?"

Baba alikuwa bado ameshikilia pamba ya dawa pale walipomtoboa. Akasema, "Nilikuwa nalinda mzigo, mama Wegesa. Nisamehe."

Nilikuwa nimesimama na chungu cha uji, hatua tatu kutoka kitandani. Mdomo wangu ulifunguka. Nakumbuka kabisa kwamba ulifunguka. Kisha nikamwangalia Baba, naye akatikisa kichwa, kidogo sana, nami nikaufunga.

Je, tungefika Jumanne mchana, yule mtoto angeishi? Sijui. Daktari mwenyewe hakujua. Nimewauliza wauguzi watatu maishani mwangu, kila mmoja amenijibu jinsi alivyonipenda.

Mama alipona, lakini wale wawili hawakurudi kuwa walivyokuwa zamani. Alimpikia Baba, alimfulia, alimzalia wadogo zangu wawili. Ila kulikuwa na mahali ndani yake alipokuwa amemfungia mlango, na Baba alikaa nje ya mlango huo bila kubisha. Ile pamba ilinyeshewa nusu. Baba hakuwahi kuilalamikia.

Baadaye ruksa ikaja. Wanunuzi binafsi wakaanza kufika hadi shambani na malori yao, leo bei hii, wiki ijayo bei nyingine, na redio ikajaa habari za bei kuyumba. Wakati huo nilikuwa tayari mwalimu hapa Musoma, na kwenye vitabu vya shule neno langu lilikuwa kila ukurasa. Kila mwaka nililiandika ubaoni. Kila mwaka nilitoa mfano wa bei. Baba aliacha kulima pamba mwaka uleule wanunuzi walipoongezeka, akapanda mihogo na mtama. Watu walisema ameogopa bei. Mama alisema, "Sasa ndiyo ameichoka." Mimi nilijua ile pamba ilimgharimu nini, nikaendelea kuandika ubaoni.

Baba amekwenda kaburini na siri hiyo. Kwenye ugonjwa wake wa mwisho nilimwomba ruhusa nimwambie Mama. Akasema, "Amezoea kunikasirikia mimi. Akianza kukukasirikia wewe katika uzee wake, nani atamtunza?"

Nilifurahi kunyimwa ruhusa. Hilo nalo liandikwe.

Basi leo tumerudi kutoka kliniki. Nimemtengenezea chai ya maziwa, nimekaa naye barazani, na ile sentensi ya pale getini imekaa katikati yetu. Nimehesabu upande huu na upande ule. Daktari amesema asishtuliwe. Lakini presha ya namna hii inaweza kumchukua kesho, aende akiamini kwamba mume wake alimpima kwenye mizani akamwona mwepesi kuliko pamba. Nikajiuliza kama ninataka kumtua yeye mzigo au kujitua mimi. Mpaka sasa ninapoandika sijapata jibu.

Nikamwambia.

Nilimwambia yote, kuanzia mwenye baiskeli hadi chungu cha uji. Sikulia. Niliogopa kwamba nikilia atanibembeleza, na sikutaka kubembelezwa.

Akakitua kikombe chini.  Akaniuliza, "Baba yako alijua kwamba umekosea?"

"Alijua, Mama. Nilimwambia kabla hatujapanda lori."

"Na akanyamaza."

"Akanyamaza."

"Pale hospitali, nilipomuuliza, alikuwa anajua."

"Alikuwa anajua."

Akatazama mikono yake. Ana mikono mikubwa, Mama, ya mtu aliyelima. "Nimemsema yule mtu mpaka kwenye jeneza lake," akasema. "Watu walisikia."

Nilimshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo, naye akauvuta mkono wake. Si kwa hasira. Aliuvuta tu, akauweka mapajani. Akainuka mwenyewe bila kunishika, akaenda kujilaza. Nikamfuata na kipimo. Namba ya kwanza ilikuwa juu sana. Baada ya nusu saa ikashuka. Baada ya nusu saa nyingine ikapanda, si sana. Nimempa dawa. Nimempigia daktari, akauliza kama kuna jambo limemshtua. Nikamwambia ndiyo. Hakuuliza zaidi, akasema nimwangalie, ikivuka kiwango alichonitajia nimrudishe haraka.

Kwa hiyo ninamwangalia.

Nimeandika hadi hapo, nikasikia ameniita. Nimekwenda mbio, kalamu ninayoandikia namba za presha ningali nayo mkononi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kitenge amejifunga vizuri, uso mkavu.

"Jumamosi nipeleke nyumbani," amesema. "Kwa baba yako. Nina maneno naye."

"Mama, daktari amesema upumzike."

"Nitapumzika nikirudi."

Nimempima tena. Iko katikati. Nimemletea uji, amekunywa nusu, amelala upya, na sasa anapumua taratibu kuliko asubuhi. Kuhusu mimi hajasema neno. Hajasema amenisamehe, hajasema hajanisamehe. Nimemsubiri aseme, kisha nikaona haya kusubiri.

Je, nimpeleke? Barabara ya siku hizi ni nzuri, hadi kijijini ni mwendo mfupi. Lakini kaburini kuna jua, na kuna maneno aliyoyakusanya tangu ujana wake, na moyo wake hautulii. Nikimpeleka akaanguka, wadogo zangu watauliza ni nani aliyempeleka. Nikikataa, nitakuwa nimemchelewesha mtu mara ya pili.

Nimempigia dereva wa teksi wa mtaani kwetu. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nitabeba maji, dawa na kipimo. Tukifika nitamkalisha karibu na Baba, kisha nitasogea hatua chache nimwache aongee kwanza, hata kama ni hadi mchana. Na zamu yangu ikifika, sijui nitaanzia wapi.